Hakuna Anayeishi Garh

Kru, kru, kru. Jiwe juu ya jiwe, gizani, kabla hata jogoo wa jirani yao Batasiya hajakohoa. Tetri alifumbua macho akasikiliza. Sauti ya kusaga aliijua kama alivyozijua pumzi za mwanawe. Angeweza kukwambia hii ni pilipili, hii haradali, hii manjano, bila kuinua kichwa kitandani. Lakini sauti ya alfajiri hii ilikuwa kavu. Baina ya jiwe na mwana wa jiwe hapakuwa na kitu. Mama mkwe wake alikuwa akisaga hewa.

"Mama," Tetri aliita polepole. "Unasaga nini?"

Kru, kru, kru. Kosila hakujibu. Siku ya nne hiyo hamjibu mtu. Maji alikunywa, wali aliumega vidole viwili akaacha, lakini neno halikumtoka, kana kwamba amejiapiza kwamba mdomo uliowaponza watu wote haustahili kufunguliwa tena.

Tetri aliuondoa taratibu mkono wa mwanawe Sugni uliokuwa umemlalia shingoni, akaketi. Hakuhitaji taa kujua kilichokuwa nje. Ukutani, kando ya mlango wao, karatasi ya serikali ilikuwa bado imebandikwa. Mbuzi wa Batasiya walikwisha kula pembe yake moja, ila walibakiza yote yaliyo muhimu: kwamba kaya thelathini na moja zilizojengwa katika ardhi ya monasteri ya kale zihame ndani ya siku kumi na tano, kwamba wakazi hao ni wavamizi, kwa kuwa uchunguzi wa miaka tisa iliyopita haukumkuta mtu eneo hilo, na kwamba ushahidi ni kauli ya mwenyeji mwenyewe. Kauli ilikuwa na maneno matatu tu. *Hakuna anayeishi Garh.* Chini yake dole gumba, na chini ya dole gumba jina: Kosila, mjane.

Aliyewasomea watu karatasi hiyo ni Tetri. Miaka miwili ya darasa la jioni, chini ya taa ya umeme wa jua pale shuleni, ilikuwa imemfanya awe macho ya mtaa mzima. Alisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari, na watu wakamwitikia kwa kila sentensi. Alipofika kwenye jina alitaka kujizuia. Hakuwahi. Midomo ilikwisha kulitoa.

Tangu siku hiyo Kosila alinyamaza.

Kulipokucha, Sugni alikuja na daftari lake la darasa la kwanza, nywele zimesimama upande mmoja.

"Mama, mwalimu ametuambia tujaze. Mimi naitwa Sugni, hiyo nimejaza. Mimi nina miaka saba, nimejaza. Mimi naishi... niandike nini?"

"Andika Tola."

"Tola iko juu ya nini?"

"Kula chapati yako."

"Si iko juu ya Garh? Mpira wetu ukidondoka Garh unakuja mpaka mlangoni."

"Sugni! Kula."

Mtoto akaingiza chapati mdomoni. Pale jikoni, mwana wa jiwe alisita kidogo mkononi mwa Kosila, kisha akaendelea.

*

Kwenye pampu ya maji foleni ilikuwa ndefu na ndimi zilikuwa ndefu zaidi.

"Mpisheni mke wa mwenye nyumba," alisema Batasiya, mikono kiunoni. Nyumba yake ilipakana na ya Tetri, na ugomvi wao wa mbuzi ulikuwa na umri wa ndoa ya Tetri. "Sisi wengine ni wavamizi. Tumevamia jana usiku."

Wanawake wakacheka, kicheko kisicho na furaha.

"Dada Batasiya, nishushie maneno yote kwa pamoja, nina ndoo mbili tu," Tetri alijibu.

"Nina maneno gani mimi? Mama mkwe wako ndiye mwenye maneno. Matatu tu, na nyumba thelathini na moja chini! Mimi nimesema maneno elfu kwa mume wangu na hata kiti hakijahama."

"Basi nijibu swali moja." Tetri alitua ndoo. "Saheb wa serikali amekuja na viatu vyake vya kung'aa. Ameshika kalamu. Anakuuliza, mama, nani anaishi Garh? Wewe Batasiya ungemjibuje?"

Batasiya alishusha mikono kiunoni. Akatazama juu. Na wenzake nao wakatazama juu, kule ambako kilima cha matofali mekundu kilianza kupata jua, na vyumba vya watawa vilivyofukuliwa vilipanga vinywa vyao kama watu wanaotaka kusema.

Hapo ndipo penye kazi. Kilima kile ndicho Garh, na Garh ina wenyewe. Wanyolewa, ndivyo walivyoitwa tangu zamani, wale wenye vichwa visivyo na unywele waliokaa humo kabla babu wa babu hajazaliwa. Watu wa Tola hawakuwaogopa hasa. Waliwapelekea ubani na maua ya njano, waliwapaka mafuta pale sanamu moja nyeusi ilipojitokeza udongoni, na mtoto akikataa kunenepa walimpeleka kwao. Ila kuna neno moja ambalo mtu hasemi. Hasemi anaishi Garh. Kusema hivyo ni kujiita mwenye mali mbele ya wenye mali, nao watakuja kukubishia hodi kwa jina lako, na ukiitika umekwenda. Nyumba za watu ziko Tola. Kwamba Tola yenyewe imekaa ubavuni mwa Garh kama mtoto mgongoni mwa mamaye, hilo kila mwenye macho huliona na hakuna anayelitamka.

"Nakungoja," alisema Tetri. "Sema tu, kama mfano. Mimi Batasiya naishi..."

"Ptu! Ptu! Ptu!" Batasiya alitema mate pembeni mara tatu na kushika masikio yake. "Unataka niuawe asubuhi asubuhi, na sijala?"

"Ehe. Sasa mwacheni mama yule. Amejibu ambacho kila mmoja wenu angejibu."

Hakuna aliyecheka. Batasiya alisukuma mpini wa pampu kwa hasira, lakini alikuwa akimjazia Tetri ndoo yake.

*

Ofisi ya wilaya ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu. Tetri alivaa sari yake ya kijani, ile isiyo na kiraka mbele, akamshika Sugni mkono, akabeba barua aliyoiandika kwa siku mbili, akifuta, akianza upya.

Karani alikuwa akila karanga. Hakumwambia keti. Kiti kilikuwepo, kimewekewa faili.

"Nini?"

"Maombi ya kupinga notisi, saheb. Sisi ni wa Tola, pale kwenye monasteri."

Alipokea barua kwa ncha za vidole viwili, akaitandaza mezani, akaendelea kumenya karanga juu yake. Maganda yakaangukia salamu za heshima, yakaangukia "tunaomba", yakaangukia jina la Kosila. Tetri aliyatazama. Sugni naye aliyatazama.

"Nani amekuandikia?"

"Nimeandika mwenyewe."

"Mwenyewe!" Karani aligeukia wenzake wa meza za jirani. "Jamani, siku hizi Wamusahar wanaandika. Sasa panya wa mashambani mmewaachia nani?"

Chumba kilicheka. Tetri alihisi joto likimpanda kutoka shingoni mpaka kwenye mzizi wa nywele. Neno hilo, jina la watu wao wawinda panya, alilisikia tangu utotoni, akaliinamia kila mara. Ila leo mkono wa Sugni ulikuwa ndani ya wake, mdogo, una jasho, na mkono huo ulikuwa ukingoja.

"Wamehamia kwenye mafaili yenu, saheb," alisema. "Naona wamenenepa."

Chumba kilicheka tena, safari hii zaidi, na mzee mmoja wa meza ya dirishani akapaliwa na chai. Karani alikung'uta maganda. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Haya mwanamke. Eneo lile lilitangazwa hifadhi miaka arobaini iliyopita. Miaka tisa nyuma mlihojiwa mkasema hamkai pale. Sasa mnakaa. Nioneshe hati. Nioneshe risiti. Leta kitu chochote cha kale kinachoonyesha mlikuwepo."

"Saheb, kwetu kila kitu ni cha kale. Kipya ndicho tulichokosa."

"Maneno matamu hayasimamishi tingatinga." Akagonga muhuri kwa nguvu, meza ikaruka. "Siku ya Alhamisi Sinha Saheb wa Mambo ya Kale atakuja kuwasikiliza, kwa kuwa sheria inamlazimu. Atawasikiliza nusu saa. Kisha mtafungasha."

Njiani kurudi, walipovuka reli, Sugni alivuta sari ya mamaye.

"Mama, yule mjomba amekula juu ya barua yetu."

"Nimeona."

"Mbona hukumpiga?"

Tetri alicheka mpaka ikambidi ashike kiuno. Kisha alichuchumaa, akaufuta uso wa mtoto kwa ncha ya sari, polepole, hata mahali pasipokuwa na vumbi.

*

Jioni hiyo mumewe alirudi na mwiko wake wa chuma kiunoni, mweupe kwa vumbi toka unyayo mpaka kope. Jagdip alikuwa mchimbaji wa monasteri ile ile. Mikono yake ilikuwa na elimu isiyokuwa na cheti: alikwangua ardhi kwa mwiko, akainamisha sikio, akajua. Udongo mtupu hunyamaza, alizoea kusema. Tofali hujibu.

"Mama Sugni," alisema kabla hajanawa. "Umekwenda ofisini kunichongea?"

"Nimekwenda ofisini kuomba nyumba yako, Baba Sugni."

"Msimamizi ameniita pembeni. Anasema tukikubali kimya kimya tutapata kiwanja kule karibu na mfereji, na kazi yangu itabaki. Tukileta fujo, Ijumaa nisiende."

"Karibu na mfereji? Pale ambapo mvua ikinyesha hata vyura hupanda miti?"

"Ni kiwanja!"

"Ni bwawa. Wanaitaka mikono yako, nyumba yako hawaitaki. Unawafukulia nyumba za watu waliokufa miaka elfu, wanazizungushia kamba, wanaziwekea bango ili zisiguswe. Yako wewe uliye hai wanaitaka chini. Na wewe unaniambia tunyamaze?"

Jagdip aliketi kwenye kizingiti akajishika kichwa. Hakuwa mtu mwoga. Alikuwa mtu aliyechoka, na uchovu ukikaa sana huvaa nguo za woga.

"Wanataka ushahidi, Tetri," alisema. Alimwita jina lake aliposhindwa tu. "Sisi tuna ushahidi gani? Leo Sinha Saheb alikuwa na wageni kutoka mjini. Akawaonyesha kizingiti cha chumba cha mtawa. Jiwe limelika katikati kama sahani. Akaweka kiganja pale akawaambia, tazameni, hapa miguu imepita miaka mia tano. Jiwe halisemi uongo. Wageni wakapiga picha mpaka nikaona haya kusimama karibu. Sisi miguu yetu imekula jiwe wapi?"

Kru.

Wote wawili waligeuka. Kosila alikuwa amesimamisha mwana wa jiwe. Alikuwa anawatazama. Mara akakitia kiganja chake ndani ya shimo la jiwe la kusagia, shimo refu lililonyooka kama hori, lililoweza kukaa maji ya kumnywesha kuku. Kiganja kikazama mpaka kwenye kifundo.

"Hapa," alisema.

Sauti ilikuwa na kutu ya siku nne. Sugni aliacha penseli.

"Nililetwa nyumba hii nina miaka kumi na mitatu," Kosila alisema. "Bado nanukia manjano ya harusi. Mama mkwe wangu akanishika mkono huu akauweka hapa. Akaniambia, juu ni mkono wako. Chini yake wangu. Chini ya wangu wa mama mkwe wangu, na chini ya huo wa mama mkwe wake. Akaniambia, wanaume wa nyumba hii huenda wakarudi, huenda wasirudi. Sisi tuko humu. Kila bibi harusi wa Tola amesagiwa choroko za harusi kwenye jiwe hili, na kwenye kusaga huko tunawaita wafu wa mume kwa majina. Wewe mwenyewe Tetri ulisagiwa hapa."

"Nakumbuka, Mama."

"Nilisema Garh hakuna anayeishi." Machozi yalimtoka lakini sauti haikuyumba. "Aliniuliza Garh. Angeniuliza nyumbani kwako ni wapi, ningemwekea mkono hapa."

Tetri alimwendea akamkumbatia mabega, mabega yaliyokuwa membamba kama henga ya nguo. Jagdip hakusogea. Alikuwa anatazama jiwe, lakini si kama mtoto wa nyumba anavyotazama jiwe la mamake. Alikuwa analitazama kama mtu aliye kazini.

"Mama," alisema taratibu. "Jiwe hili lililetwa na nani?"

"Nani alilete? Huoni limeota sakafuni? Babu zenu walilizungushia nyumba."

Jagdip alichomoa mwiko. Alipiga magoti kando ya jiwe, akakwangua sakafu ya udongo na samadi, mara moja, mara mbili, sikio limeinama. Tetri aliusikia mwiko ukibadilisha sauti. Udongo ulinyamaza, kisha kitu kikajibu.

"Leteni taa," alisema.

Alikata kijishimo kimoja kando ya jiwe, chenye upana wa shibiri mbili, upande mmoja umesimama wima kama ukuta wa sanduku, akaulainisha kwa ubapa wa mwiko kama wanavyotaka wasomi. Chini kabisa palikuwa na matofali makubwa mekundu, yale yale ya Garh, yamelala kwa mpangilio, na jiwe lao la kusagia lilikuwa limekaa katikati yake tangu siku lilipowekwa na mikono ya Wanyolewa wenyewe. Lakini si hilo lililomfanya Jagdip ashushe pumzi. Juu ya matofali, kutoka chini mpaka kwenye sakafu waliyokalia, ulisimama ukuta wa mistari. Mstari mweusi, mstari wa kahawia, mweusi, kahawia, myembamba kama maganda ya kitunguu.

"Nini hii, Baba?" Sugni aliuliza, tumbo chini, pua karibu na shimo.

"Sakafu," alisema Jagdip. "Zote." Aligeuka akamtazama mkewe, na kwa mara ya kwanza tangu notisi alikuwa na uso wa kijana aliyemwoa. "Mama Sugni, sakafu unaipaka mara ngapi?"

"Upya kabisa? Mara moja kwa mwaka. Sikukuu ya taa."

"Na wewe, Mama?"

"Hivyo hivyo. Na mama mkwe wangu hivyo hivyo. Nani atapokea sikukuu ya taa na sakafu chafu?"

Walihesabu kwa mwiba wa mchongoma. Sugni alitamka namba na Tetri aliandika mafungu ya kumi kumi nyuma ya daftari la shule. Walipofika sabini Kosila alianza kutaja wanawake: hapa ni mama mkwe wangu, hapa ni mama mkwe wake, hapa simjui. Walipopita mia moja na thelathini mistari ilikuwa imebanana mno, mwiba haukuweza kuichagua tena. Bado udongo ulikuwepo.

"Ijumaa wasiponiita kazini," alisema Jagdip akifuta mwiko kwenye paja, "wasiniite."

*

Alhamisi waliweka viti vya plastiki chini ya turubai mahali pa wageni kukatia tiketi. Sinha Saheb alikuwa mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Karani wa karanga alikaa pembeni yake na faili. Watu wa Tola walisimama juani. Nusu saa ilikuwa imeliwa dakika kumi na mbili kwa karani kusoma sheria.

Tetri alipiga hatua mbele akafunika kichwa kwa sari.

"Saheb, ushahidi tunao. Lakini hautembei. Itabidi uje nyumbani."

"Tuingie kwenye nyumba hizi?" Karani alivuta pua. "Leta hapa nje."

"Hamkukitoa nje kizingiti cha mtawa ili mkitazame. Mnakwenda. Basi njooni."

Sinha Saheb alisimama. Njia ilikuwa nyembamba, watu wakafuata kama msafara wa harusi. Mlangoni Tetri alinyoosha mkono.

"Viatu, saheb. Huku tunapika."

Karani alitazama viatu vyake, akamtazama mkuu wake. Mkuu wake alikuwa amekwisha vua. Soksi ya karani, ilipoonekana, ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba, na kule nje Batasiya akasema kwa sauti ya kutosha, "Afadhali kumbe na yeye ana dole."

Ndani, Sinha Saheb alichuchumaa mbele ya kile kijishimo. Alitoa kioo cha kukuzia. Aligusa mistari, akagusa matofali, akapitisha kiganja ndani ya shimo la jiwe, akakiacha humo. Watu walijazana mlangoni mpaka mwanga ukapungua, akawaomba wasogee.

"Nani amekata hapa?"

"Mimi, saheb," alisema Jagdip.

"Umeusimamisha ukuta wa shimo vizuri kuliko wanafunzi wangu." Alivua miwani. "Sakafu hizi, nani anazipaka?"

"Wanawake wa nyumba hii," alisema Tetri. "Kila sikukuu ya taa. Tumehesabu mia moja na thelathini, kisha macho yakashindwa."

"Nimeona." Alifuta miwani kwa shati. "Mimi nimechimba kilima hiki miaka kumi na moja kuwatafuta walioishi hapa."

"Saheb," karani aliingilia, "haya yote mazuri. Lakini kauli ipo kwenye faili. Hakuna anayeishi Garh. Dole gumba lipo."

Sinha Saheb alikubali kwa kichwa, bila kupenda. "Ni kweli. Matabaka nitayaandika mimi, na jina langu chini. Lakini matabaka hayafuti kauli. Kauli hufutwa na aliyeitoa. Bibi huyu akisema mbele yangu kwamba anaishi hapa Garh, ikaandikwa, akaweka dole, amri inasimamishwa leo hii. Tingatinga haliji, na uchunguzi unaanza upya, nyumba kwa nyumba. Asiposema, sina la kufanya."

Watu mlangoni wakatazamana. Neno lenyewe. Si Tola, si hapa, si nyumbani. Lile.

Karani alifungua faili, akafungua kalamu. Alikuwa ameshaelewa kwamba neno hilo wanaliogopa. "Haya, bibi. Unaishi wapi?"

Kosila alitazama boriti ya paa. Tetri alijua anachokitazama. Mumewe Kosila, ambaye jina lake, kwa desturi, Kosila halitamki ila kwenye kusaga, alisimama chini ya boriti ile jioni moja amelewa pombe ya maua, akapiga kifua: mimi ndiye mwenye Garh! Masika hayo hayo nyoka alimgonga shambani. Mjane alibaki na mtoto wa miaka mitatu na neno moja la kuogopa.

Kosila alifungua midomo. Hewa tupu ikatoka.

Tetri alisogea mbele. Alikuwa amefundisha ulimi wake kusoma maneno marefu, akamjibu karani ofisini kwake, na bado neno hili fupi lilikuwa zito kinywani kama tofali. Alilisukuma.

"Mimi naishi Garh," alisema. "Nilikuja hapa bibi harusi, nimezaa hapa. Naishi Garh."

Mlangoni wanawake walivuta pumzi kwa pamoja. Ptu, ptu, ptu, ilisikika ya Batasiya. Paa halikuanguka. Kuku alipita kati ya miguu ya Sinha Saheb akaendelea na mambo yake.

"Si wewe niliyekuuliza," alisema karani. "Dole si lako."

Hapo Kosila aliingiza mkono ndani ya jiwe. Kiganja kilizama mahali pake.

"Ninaishi," alisema. Akameza mate. "Ninaishi Garh."

Ilikuwa sauti ya jiwe kavu, lakini ilikuwa sauti, na wote waliokuwa jikoni waliisikia. Sinha Saheb aliisikia, akamtazama karani. Kalamu ya karani haikusogea. Alitega sikio kwa kiganja, akiwatabasamia watu mlangoni.

"Bibi ana upepo mdomoni. Sijapata. Ati wapi?"

Sugni alikuwa amekaa pembeni na daftari lake magotini. Aliinuka. Alikwenda akasimama karibu na bibi yake, akaweka mkono wake juu ya ule mkono uliokuwa ndani ya jiwe, akamwangalia karani usoni. Kisha akamsomea polepole, neno kwa neno, kama anavyomsomea mwenzake wa darasani asiyejua kuandika haraka:

"Bibi yangu anaishi Garh."